Kutoka lita 110 hadi 430: shajara ya tangi jipya la matumbawe

Jumamosi, Januari 11, 2025

Usiku wa jana, saa tano, nilishuka jikoni kutafuta maji ya kunywa, nikapitia kwenye tangi na kurunzi niliyoifunga plastiki nyekundu. Mwanga mwekundu hauwashtui sana viumbe wa mwamba, kwa hiyo ndio wakati wa kuwaona walivyo hasa. Lile tumbawe langu la Galaxea, ambalo mchana limetulia kama shada la maua ya kijani, lilikuwa limetoa nyuzi zake za kuwauma majirani. Nyeupe, nyembamba kama mlenda ukivutwa kutoka chunguni, kila uzi una kifundo kidogo nchani. Mkondo wa pampu ulikuwa unazipeperushia kulia, na kulia ndiko liliko tumbawe lingine, Montipora yangu ya zambarau. Niliweka rula juu ya kioo: sentimita 17. Uzi mmoja ulikuwa umeshagusa. Asubuhi nikakuta doa jeupe la ukubwa wa kidole gumba. Nyama yote imeyeyuka, umebaki mfupa.

Ni mara ya tatu tangu Novemba. Nimelihamisha hili, nimeligeuza lile, lakini nafasi haipo. Tangi ni sentimita 60 kwa 45 kwa 40, lita 110 hivi, nililianza 2020 tulipofungiwa ndani kwa ajili ya korona. Vipandikizi vilivyokuja na ukubwa wa kisoda sasa vimekuwa visahani vya chai. Kukata tumbawe na kulipanda upya si kazi ngumu, ni kama pingili za muhogo tu: unakata, unagandisha kwenye kijiwe, linaendelea. Nimekata na kugawa mpaka jamaa wote wa mji huu wa Northampton, Uingereza, wenye matangi hawapokei tena simu zangu.

Basi nimeamua. Tangi kubwa. Naandika hapa hatua kwa hatua ili nisirudie makosa ya 2020, ambayo sikuyaandika popote na kwa hiyo nimeyasahau yote isipokuwa yale ya gharama.

Mama watoto nilimwambia wakati wa chai. "Baba, hilo la sasa linakula Jumapili zako zote. Kubwa zaidi utaliosha lini?" Nikamjibu kwamba tangi kubwa ni jepesi kulitunza kuliko dogo. Ni kweli, ingawa sijawahi kuona mtu akiamini. Maji mengi hayageuki upesi. Samaki akifia nyuma ya jiwe, katika lita 110 maji yanachafuka kabla hujarudi kazini. Katika lita 400 una siku nzima ya kugundua. Akanywa chai yake.

Jumapili, Januari 19

Leo hesabu ya uzito, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya.

Nilianza na ndoto ya sentimita 150 kwa 60 kwa 60. Nikaiacha kabla ya adhuhuri. Sasa niko kwenye 120 kwa 60 kwa 55. Kioo cha milimita 12 kina kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Chini, mbele, nyuma na mbavu mbili zinafika mita za mraba 2.7, yaani kilo 81 za kioo kitupu. Maji ndani, ukiacha nafasi ya vidole viwili juu, ni lita 345. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025, basi kilo 354. Sampu, lile tangi la pili linalokaa kabatini chini na kuficha mitambo, maji yake kilo 87 na kioo chake 25. Kabati 70. Mawe 35. Mchanga 25. Jumla kilo 677, na hata nikipunguza maji yatakayosukumwa na mawe, hatushuki chini ya 650. Yote hayo yanasimama juu ya eneo lisilofika hata mita moja ya mraba.

Nyumba yetu ni ya safu, ya zamani, sakafu ya sebuleni ni mbao juu ya boriti. Hapa Uingereza sakafu ya makazi huhesabiwa kubeba kilonyutoni 1.5 kwa mita ya mraba, sawa na kilo 150 na kidogo. Haina maana kwamba ya 151 itaiangusha. Hiyo ni hesabu ya chumba kizima, na ukiliegemeza tangi karibu na ukuta, likalala kukatisha boriti nne au tano, wapo wanaofanya hivyo na wanalala usingizi. Mimi nilifunua zulia, nikang'oa ubao mmoja, nikachungulia na kurunzi. Boriti ya pili kutoka ukutani imeliwa na unyevu. Nilipoichoma na bisibisi ikaingia kama kwenye boga lililoiva.

Sebule haifai basi. Kilichobaki ni chumba cha nyuma, kile kilichoongezwa jikoni, ambacho sakafu yake ni zege. Pale ndipo ilipo cherehani ya mama watoto.

Jumamosi, Februari 1

Cherehani imekubali kuhamia dirishani, kwa masharti: meza mpya yenye droo, taa ya kushonea, na ndoo za maji ya chumvi zisionekane tena mbele ya mlango wa choo. Nimetia saini. Mezani nilikuta kashaandika bei ya meza.

Jumapili, Februari 9

Nilimpigia mama Tanga. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu, akauliza nafanya nini na kelele zile. Nilikuwa nasugua mawe.

"Mawe ya nini?"

"Ya tangi la samaki, mama. Mawe ya mwamba."

"Umeyatoa wapi huko kusiko na bahari?"

"Nimenunua. Kilo 35."

"Umenunua." Kimya kidogo. "Kwa bei gani?"

Nikamwambia, pauni sita kwa kilo, na nikakosea kumgeuzia kwa shilingi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, babu yako kajenga nyumba nzima Pangani kwa mawe hayo. Njoo uchukue ukuta wa nyuma, umeshaanguka."

Anasema kweli. Nyumba ile ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe, boriti za mikandaa juu. Nikiwa mdogo nilikuwa natia kidole kwenye vile vishimo vya ukutani, vinavyofanana na nyota, bila kujua kwamba kila kishimo kiliwahi kuwa nyumba ya mnyama. Lakini siwezi kubeba hata kipande. Matumbawe yote magumu, hata yaliyokufa, yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na bila vibali unaishia kwenye chumba cha maelezo cha uwanja wa ndege. Haya ninayosugua ni mwamba wa kale uliochimbwa nchi kavu. Kisheria ni kama jiwe lolote la zamani.

Ubaya wa mawe makavu ni fosfeti. Yameifyonza miaka na miaka, na ukiyatia tu yanaitoa polepole na kulisha mwani wote duniani. Nimeyalaza kwenye pipa la maji yaliyochujwa, pampu ndogo inazungusha. Kila wiki mbili nitapima na kumwaga. Hili ni jambo la miezi, ndiyo maana nimelianza kabla hata ya kuwa na tangi.

Jumamosi, Februari 22

Hesabu ya umeme, kwa sababu niliahidi. Pampu ya kurudisha maji wati 35, skima wati 25, pampu mbili za mawimbi wati 30 kwa pamoja, zote saa 24. Taa wati 140 kwa saa 10. Hita nimeziwekea wastani wa wati 80, nikijua kwamba Januari zitazidi. Jumla uniti tano na nusu kwa siku. Kwa peni 25 tunazolipa sisi ni pauni 1.37 kwa siku, yaani 41 kwa mwezi. La sasa linakula kama 15.

Nilimwonyesha karatasi. Akaisoma yote, akauliza skima ni nini. Nikamweleza: ni chombo kinachopuliza mapovu madogo sana ndani ya maji, uchafu wa mafuta na protini unagandamana na povu, povu linapanda kikombeni, unamwaga. Kama kuengua povu la mchuzi wa nyama. "Sasa hiyo nimeielewa," akasema. "Mengine sikuyaelewa, lakini 41 nimeielewa."

Hita nanunua mbili za wati 200, si moja ya 400. Hita huharibika kwa namna mbili: inagoma kuwaka, au inagoma kuzima. Ikigoma kuzima, moja ndogo haina nguvu ya kupika tangi zima kabla sijagundua.

Jumapili, Machi 23

Kumi la mwisho. Hakuna kilichofanyika zaidi ya kubadilisha maji ya mawe. Fosfeti imeshuka kutoka 0.6 hadi 0.25.

Jumamosi, Aprili 12

Tangi limefika! Nimelipata kwa mtu anayehama, limetumika miaka miwili, silikoni bado laini na nyeusi, hakuna povu ndani ya maungio. Wanaume wanne na kombe za kunyonya kioo. Mlango una sentimita 76, tangi lina 60, na bado shemeji alipaka damu ukutani kwa kifundo cha mkono.

Kabati sikununua, lilitengenezwa na fundi mmoja ambaye sitamtaja. Niliweka pimamaji juu: milimita tatu chini upande wa kulia. Milimita tatu zinaonekana kidogo, ila maji hayadanganywi. Yatasimama sawa hata kama tangi limeinama, na mstari wa maji utakuwa unanitazama hivyo kila siku. Tena kioo kikikaa juu ya ubao uliopinda, uzito unaangukia kona moja. Nilirekebisha kwa miguu ya kabati, nusu mzunguko, napima, nusu mzunguko, napima, mpaka kiputo kikakaa katikati pande zote. Nikatandika mkeka wa sponji wa milimita sita juu, ndipo tangi likapanda.

Jambo ambalo limeniokoa leo ni kartoni. Sampu niliyotaka kuagiza ni sentimita 90 kwa 45 kwa 40. Kwa tepu ya kupimia inaingia kabatini vizuri kabisa, nafasi inabaki. Binti yangu ndiye aliyesema tutengeneze ya boksi kwanza, nadhani kwa sababu alitaka kukata maboksi. Tukakata, tukabandika, tukaandika SAMPU ubavuni kwa kalamu nene. Haikupita. Ndani inaenea, lakini katikati ya mlango wa kabati kuna nguzo, na ukiiingiza kwa ubavu pembe ya nyuma inagonga bomba la kutolea maji. Tulijaribu kwa juu, kwa chini, tukaigeuza kichwa chini. Kioo kisingekunjika kama boksi.

Nguzo ile inabeba uzito, haikatwi. Suluhisho: sampu inaingia kwa nyuma, kabla kabati halijasukumwa ukutani, na haitoki tena mpaka siku tutakayohama. Nimekubali. Niliagiza.

Jumamosi, Aprili 26

Mabomba. Njia mbili za kushusha maji: ya kwanza ina koki ya geti, inajaa maji tupu bila hewa, kwa hiyo haina kelele. Ya pili iko juu kidogo, inabaki kavu au inapitisha kijimkondo chembamba. Ya kwanza ikizibwa na konokono, ya pili inabeba mzigo wote. Wapo watu wanaoweka moja tu. Konokono huwapata.

Jaribio la kwanza, maji ya bomba, uani. Baada ya dakika ishirini niliona tone chini ya fitingi ya kushoto. Nikalifuta. Likarudi. Unajua lile tone linalokaa, linanenepa, linatetemeka, halidondoki kwa makusudi mpaka ugeuke? Nilikaza nati kwa mkono, nikakaza kwa spana, tone likazidi. Kosa ni langu: washa ya mpira niliiweka upande wa nati. Inatakiwa ikae upande wa kichwa, ndani ya tangi, pale maji yanapoanza kuingia. Nilimwaga lita mia tatu na kitu kwenye bustani ya mama watoto, nikageuza washa, nikajaza upya. Kavu. Nimeliacha usiku kucha na magazeti makavu chini yake, na asubuhi karatasi bado inapiga kelele ukiifinya.

Jumapili, Mei 4

Tangi liko mahali pake sasa. Leo jaribio ambalo Mtanzania yeyote angelifikiria kwanza: umeme ukikatika?

Pampu ikizima, maji ya juu hayakai yalipo. Yanashuka kwa njia ya kawaida mpaka usawa wa mdomo wa kumwagia, halafu bomba la kurudishia linageuka kuwa mrija wa kunyonya na kuendelea kuyavuta kurudi chini mpaka ncha yake ipate hewa. Ncha yangu ilikuwa sentimita nane chini ya uso wa maji. Kila sentimita moja ya tangi hili ni karibu lita saba.

Nilimweka binti yangu amepiga magoti mbele ya sampu na rula. Maji yako 22, ukingo uko 39. Nikazima swichi.

"Ishirini na tano," akasema. "Ishirini na nane. Baba, thelathini na moja. Baba. Thelathini na tano. BABA!"

Yalisimama 38. Imebaki sentimita moja kabla ya lita kuanza kuingia kwenye droo mpya ya cherehani.

Nilipandisha ncha ya bomba mpaka sentimita mbili chini ya uso. Jaribio la pili: kutoka 22 hadi 27, basi. Wengi hutoboa kitundu kidogo kwenye bomba ili kivute hewa, lakini kitundu huziba kwa mwani, na huziba wiki ambayo umesafiri. Urefu wa bomba hauzibi. Kwenye sampu nimepiga mstari wa tepu nyekundu penye 22 na maneno USIZIDISHE HAPA, ambayo ni kwa ajili yangu mwenyewe.

Nimenunua pia pampu ya hewa ya betri, inayowaka yenyewe umeme ukikata. Huku umeme hukatika kwa nadra, na ndiyo hatari yake: kwetu kila mtu ana taa ya chaji na mpango, huku watu wanatazama swichi kama imewatukana.

Jumapili, Mei 11

Kutengeneza bahari. Maji ya mji huu ni magumu, birika linaota chokaa kila mwezi, na ndani yake kuna vitu ambavyo sisi tunakunywa bila shida lakini matumbawe hayavitaki. Yote yanapita kwenye mtambo wa kuchuja hadi kipimo kisome sifuri. Nilipima kwa jagi na saa: lita saba kwa saa moja. Lita 430, saa 61. Na kwa kila lita safi, kama lita tatu zinakwenda na uchafu. Mama watoto alipoona bomba la maji machafu linaelekea kwenye mfereji alilitoa, akalitia kwenye pipa la kufulia. Wiki hii kila kitu humu ndani kimefuliwa, mapazia, mazulia, hata yale mashuka ya wageni ambayo sijawahi kuona mgeni akiyalalia.

Chumvi gramu 38 kwa lita, kilo 16 na ushee. Chumvi hii si ya jikoni, ina kalsiamu na magnesiamu na vingine vingi kwa viwango vya bahari. Baada ya siku ya kuzunguka, rifraktomita, kile kipima chumvi, inasoma 35, ndiyo bahari ya kwetu. Nilionja. Najua si kipimo, lakini nilionja.

Jumapili, Mei 18

Mawe ndani, fosfeti 0.06. Niliyajenga kama visiwa viwili vyenye mlango wa maji katikati, si ukuta mmoja wa nyuma. Galaxea itapata kisiwa chake peke yake.

Sasa bakteria. Jiwe kavu ni nyumba tupu. Lazima wahamie wale wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha wale wanaogeuza naitraiti kuwa naitreti. Njia rahisi ni kuhamisha mawe ya zamani, yamejaa tayari. Shida ya mawe yangu ya zamani ni Aiptasia. Huyu ni mdudu-ua wa kahawia, anauma wenzake, na ukimkatakata kila kipande kinaota. Kwa hiyo la. Nimechukua jiwe moja tu lililokuwa gizani kwenye kichujio, nikalikagua kwa kioo cha kukuzia siku tatu mfululizo. Nimeongeza chupa ya bakteria na amonia safi mpaka 2 mg kwa lita. Mchanga wa zamani nao hauhami hata punje. Una kinyesi cha miaka mitano chini yake. Ukiuvuruga ndani ya tangi jipya ni kama kufungua shimo la choo sebuleni.

Jumapili, Juni 1

Amonia 2 inaisha ndani ya saa 24. Naitraiti bado ipo, 0.5. Tunangoja.

Jana, kwa kuwa sina la kufanya, nilikwenda dukani "kutazama tu". Kwenye tangi la tatu kulikuwa na kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni, Acanthurus leucosternon. Kibandiko: Kenya, pauni 70. Nilisimama pale muda mrefu. Huyu nimemwona kwenye madema, nimemla wa kuchoma na ndimu, na sasa tuko wote wawili Northampton, yeye kwa ndege na mimi kwa ndege.

Sikumnunua. Anahitaji tangi la sentimita 180, anakimbia mwamba mzima kwa siku, na ni wa kwanza kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe. Kumweka kwenye 120 ni kumfunga. Muuzaji alisema atazoea. Wauzaji husema atazoea. Nimeweka jina la mwingine, Ctenochaetus truncatus, naye kangaja wa Bahari ya Hindi, mdogo, wa rangi ya kahawa na vitone, kazi yake kukwangua mwani kwa midomo kama brashi. Hata huyo si sasa hivi. Ataletwa mwisho wa mwaka, na atakaa karantini kwanza. Ugonjwa ule ukishaingia, unatoa samaki wote na kuliacha tangi bila samaki siku 76. Sina subira ya namna hiyo mara mbili katika maisha moja.

Samaki wangu wa rangi ya chungwa, jozi, wamezaliwa kwenye matangi na hawajui bahari. Watu wa Tanga wakiwaona kwenye simu husema ni wale wa kwetu. Si wao, wetu ni Amphiprion allardi, weusi zaidi, mkia mweupe. Nimechoka kulieleza hili kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo.

Jumapili, Juni 8

Iddi ilikuwa Ijumaa, nyama bado ipo. Naitraiti sifuri, naitreti 12.

Nilikodi kwa siku tatu kifaa cha kupimia mwanga wa PAR, yaani ule ambao mimea na mwani huutumia. Taa zikiwa asilimia 70: mchangani 90, katikati ya visiwa 180, kileleni 310. Matumbawe laini yanatosheka na ya chini, Montipora inapenda pale kati na juu. Nitaanza kwa asilimia 40 na kupandisha kidogo kidogo kwa wiki sita, kwa sababu matumbawe yaliyozoea taa yangu ya zamani yakihamishiwa ghafla kwenye mwanga mkali yanafukuza vile vijimwani vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yanabaki meupe. Bahari nayo hufanya hivyo kwa joto. Mwaka 1998 wavuvi wa kwetu walirudi wakisema mwamba umeota mvi. Nilidhani ni maneno ya utani.

Alkalini, yaani nguvu ya maji kuhimili asidi, inayopimwa kwa digrii zake, imeshuka hadi 7.2, nataka 8. Gramu tatu za magadi soda hupandisha digrii moja katika lita 100, kwa hiyo hapa ni kama gramu 10. Niliyapima kwenye mizani ya keki. "Hayo ni ya maandazi yangu," nikaambiwa. Nimenunua pakiti yangu, nimeandika TANGI.

Glavu na miwani ya kufunika macho zimefika pia, kwa ajili ya siku ya kuhamisha wale wanyama wa mwamba waitwao Palythoa. Wale wana sumu, palitoksini, na si hadithi. Kuna watu wamelazwa hospitali kwa kuchemsha jiwe lenye wanyama hao na kuvuta mvuke. Hakuna anayechemsha jiwe humu ndani. Nimelisema kwa sauti mezani na kila mtu akaniangalia kama vile mpango ulikuwepo.

Jumapili, Juni 22

Siku tano mfululizo vipimo havijatikisika. Nyuzijoto 25.6, uchumvi 35, alkalini 8.1, kalsiamu 425, magnesiamu 1,310. Hali ya hewa ni ya joto na chumba hiki kina kioo juu, kwa hiyo feni mbili zinapuliza uso wa maji. Julai 2022, ile wiki nchi hii ilipovuka digrii 40, tangi dogo lilifika 30.5 na nilipoteza matumbawe manne. Feni zinashusha digrii mbili, ila zinakausha lita nne kwa siku, na kinachokauka ni maji, chumvi inabaki. Pipa la kujazia maji matamu liko tayari, pampu yake inajiwasha yenyewe.

Samaki na wengine wote wanahama wikendi ijayo. Leo nimehamisha mmoja tu wa kujaribia, na nilijua ni nani. Nilimchomoa kwa patasi na jiwe lake, nikambeba kwenye bakuli la saladi, nikamlisha maji mapya kwa kikombe kimoja kila dakika tano kwa saa nzima. Kisiwa cha kushoto, mwisho kabisa. Jirani wa karibu yuko sentimita 45, na ni jiwe tupu. Alijifunga mchana kutwa.

Saa sita kasoro usiku nimeshuka na kurunzi yangu nyekundu. Cherehani iko dirishani imefunikwa kitambaa. Pampu zinanong'ona, hakuna mgugumio wowote kwenye bomba. Galaxea imefunguka, na nyuzi zimetoka. Nimeweka rula: sentimita 19, ndefu kuliko za kule. Zinapeperuka kulia, zinarudi kidogo mawimbi yakibadilika, zinapeperuka tena.